Mgongo wa Mkulima Ukiuma: Nani wa Kumwendea, na Lini

Ukipita katika mashamba ya Kinangop au Ol Kalou wakati wa kuvuna viazi, utaona watu wameinama tangu asubuhi mpaka jioni, na kando ya barabara magunia yamesimama yakingoja lori. Mkulima hushika pembe mbili za gunia, mwenziwe hushika pembe nyingine, na kwa neno moja hulitupa juu. Hufanya hivyo msimu baada ya msimu bila kupatwa na neno. Halafu siku moja mmoja wao huinama, husikia kitu kimekatika kiunoni kama kamba, na hawezi tena kunyoka. Hushikwa mkono akapelekwa nyumbani akitembea kama mzee wa miaka tisini.

Jioni majirani huja kumpa pole, na kila mmoja huja na shauri lake. Wa kwanza humwambia, "Lala chali juu ya ubao wiki mbili, usitikisike." Wa pili anamjua mzee ng'ambo ya mto ambaye hukanda migongo na kurudisha mifupa mahali pake. Wa tatu husema kuna vidonge vizuri dukani, viwili tu na kesho utashika jembe. Wa nne amesikia kwamba Nairobi yuko tabibu ambaye humgeuza mtu mara moja, mgongo ukalia ta!, na mgonjwa akaenda zake mzima. Mkewe yeye anataka aende hospitali.

Ndugu mkulima, somo letu la mwezi huu ni juu ya mashauri haya matano. Karibu kila moja lina ukweli ndani yake, na karibu kila moja laweza kumwumiza mtu likitumiwa vibaya. Mwenye shamba la skimu hana mnyapara wa kumshikia kazi. Akilala yeye, viazi huoza ardhini, ng'ombe hukamuliwa kwa haraka haraka, na mkopo haungoji. Lakini liko jambo kubwa kuliko viazi. Miongoni mwa watu wengi wenye maumivu ya kawaida wamo wachache ambao mgongo wao unaumwa kwa sababu ya ugonjwa mkubwa. Hao wakikandwa na kumezeshwa vidonge miezi sita kabla ya kuonwa na daktari, wengine hawasimami tena kwa miguu yao.

JINSI MGONGO ULIVYOJENGWA

Mgongo si mfupa mmoja kama mpini wa jembe. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifuani, na 5 za kiunoni, ambazo ndizo nene kuliko zote kwa kuwa huchukua uzito wote wa juu. Chini yake kuna mifupa iliyoungana pamoja katikati ya nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama pete nene ya mpira kiitwacho diski, ambayo huziwezesha pingili kupinda na kubeba uzito bila kusagana. Katikati ya pingili hupita ugwe wa fahamu utokao kwenye ubongo, na matawi yake huenda mikononi, miguuni na kwenye kibofu.

Sasa fikiri juu ya nguzo ndefu ya ua. Nguzo hiyo haisimami kwa nguvu zake yenyewe, husimamishwa na waya zilizovutwa pande zote. Waya za mgongo ni misuli ya mgongo, ya tumbo na ya matako. Waya zikilegea, nguzo huyumba hata kama mti wake ni mzima. Mtu aliyelala wiki mbili huwa amelegeza waya zake zote.

Watu husema, "Pingili yangu imetoka mahali pake." Neno hilo huogopesha, na mara nyingi si kweli. Pingili zimefungwa kwa kano zenye nguvu sana, wala hazitoki kwa kuinua debe la maji. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba misuli au kano imevutika, au diski imefura kidogo. Pengine diski hufura ikagusa mshipa wa fahamu, ndipo maumivu hushuka mguu mmoja kupita goti mpaka kwenye wayo, kama moto au kama umeme. Hata hayo kwa watu wengi hupoa yenyewe kwa wiki kadhaa. Tena ujue kwamba mtu akipigwa picha ya mgongo na kuambiwa diski zake zimechakaa, asidhani amekwisha. Watu wengi wasio na maumivu yo yote, wakipigwa picha, huonekana wana diski zilizochakaa vile vile, kama vile watu wengi wana mvi na mvi haziumi.

USILALE KITANDANI

Huyu jirani wa kwanza ndiye aliyekosa zaidi, ingawa zamani hata madaktari walisema kama yeye. Mwaka 1995 madaktari wa Finland waliandika habari za jaribio walilofanya Helsinki kwa wafanyakazi wa mji ule walioumwa mgongo ghafula. Waliwagawa makundi matatu. La kwanza walilazwa kitandani siku mbili. La pili walipewa mazoezi maalum ya kunyosha mgongo. La tatu waliambiwa waendelee na shughuli zao za kila siku kwa kadiri walivyoweza kuvumilia. Hawa wa tatu ndio waliopona upesi kuliko wote, na waliolazwa ndio waliochelewa zaidi. Na hao walilala siku mbili tu.

Mimi mwandishi niliwahi kulala siku tisa, maana ndivyo nilivyoshauriwa. Siku ya kumi mgongo ulikuwa ule ule, na miguu nayo ilikuwa imeanza kutetemeka.

Basi siku ya kwanza na ya pili ukiumwa sana, pumzika kwa vipindi vifupi: lala ubavu na kitambaa kilichokunjwa katikati ya magoti, au chali na miguu juu ya kiti. Halafu inuka utembee, hata kama ni kutoka mlangoni mpaka zizini na kurudi. Kitambaa chenye maji ya moto juu ya kiuno husaidia. Kesho yake ongeza kidogo. Maumivu kidogo wakati wa kutembea si dalili ya kwamba unajiharibu. Acha magunia na jembe kwanza, lakini kuku waweza kuwalisha. Watu walio wengi hupata nafuu kubwa kwa muda wa wiki nne mpaka sita.

DALILI ZA HATARI

Hapa nataka usome polepole, na mwenye kusoma amsomee asiyejua. Ukiwa na dalili mojawapo katika hizi, usiende kwa mkandaji wala kwa tabibu wa kugeuza mgongo, wala usijaribu mazoezi. Nenda hospitali.

Kama mkojo umefunga au unatoka bila wewe kujua, au choo hukizuii, au sehemu ya mwili inayogusa tandiko mtu akipanda farasi imekufa ganzi, au miguu yote miwili inalegea, nenda siku ile ile, hata usiku. Mishipa ya fahamu imebanwa chini ya mgongo, na ikikaa hivyo mkojo na miguu huenda visirudi tena kuwa kama zamani.

Kama uliangushwa na mti, pikipiki au ng'ombe, huenda mfupa umevunjika. Kwa wazee, hasa akina mama waliopita umri wa kuzaa, mifupa hupungua uzito, na pingili huweza kuvunjika hata kwa kuanguka kidogo tu. Mtu aliyewahi kuwa na kansa, na sasa anaumwa mgongo, naye aonwe upesi.

Na kama maumivu hayapungui usiku ulalapo, una homa, unatoka jasho usiku, unakonda bila sababu, basi magonjwa mawili lazima yatafutwe, na yote mawili yako mashambani kwetu.

La kwanza ni kifua kikuu cha mgongo. Watu hudhani kifua kikuu ni cha kifuani tu na lazima mtu akohoe. Sivyo. Vijidudu vyake husafiri katika damu mpaka kwenye pingili, vikaila polepole upande wa mbele, na mwishowe pingili hubonyea. Ndipo mtu huota kibyongo, na ugwe wa fahamu ukibanwa miguu hupooza. Percivall Pott, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, wakati haukuwa na dawa. Sasa dawa ipo, na katika hospitali za serikali hutolewa bure. Humezwa miezi mingi bila kukosa siku. Aliyeanza mapema kabla miguu haijalegea ana tumaini kubwa la kupona. Lakini mtu mwenye pingili iliyoliwa hivi akilazwa kifudifudi na kukanyagwa mgongo, au akigeuzwa kwa nguvu, pingili yaweza kubonyea siku hiyo hiyo.

La pili ni brusela, na hili ni la mwenye ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe hutupa mimba, mkulima humsaidia kwa mikono mitupu, au jamaa hunywa maziwa yasiyochemshwa. Baada ya wiki kadhaa huja homa ya kuja na kuondoka, jasho, uchovu, na maumivu ya viungo, hasa chini ya mgongo mahali nyonga zinapoungana na uti. Wengi huambiwa ni malaria, wengine huambiwa ni uzee. Damu ikipimwa na ugonjwa ukaonekana, mtu hupewa dawa mbili pamoja kwa muda wa wiki sita au zaidi. Wengi huacha wiki ya pili kwa kuwa wamepata nafuu, na ugonjwa hurudi. Tabibu wa viungo hawezi kuuondoa kwa mazoezi hata akifanya kazi mwaka mzima. Chemsha maziwa, hata yale utakayogandisha. Ng'ombe akitupa mimba vaa mipira ya mikono, uzike kondo la nyuma shimo refu mbwa wasilifikie, na umwite daktari wa mifugo.

TABIBU WA VIUNGO

Ukionwa na daktari ukaambiwa huna dalili hizo, na wiki kadhaa zimepita bado unaumwa, mtu wa kumwendea kwanza ni tabibu wa viungo, ambaye hospitalini huitwa mtu wa fiziotherapia. Kazi hii ya kutibu kwa mikono na mazoezi si ngeni. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza walianzisha chama cha wakandaji waliofundishwa, ili kuitenga kazi yao na ile ya watu waliojiita wakandaji bila ujuzi, na chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha matabibu wa viungo wa nchi ile. Katika Kenya iko sheria ya mwaka 2014 inayowahusu matabibu hawa, na baraza lao huwaandikisha. Una haki ya kumwuliza mtu kama ameandikishwa. Hospitali nyingi za kaunti zina chumba cha kazi hii, ingawa wengine hupita mlangoni pake miaka yote wakidhani ni mahali pa watu waliovunjika tu.

Usishangae akikuuliza maswali mengi kuliko anavyokushika. Atataka kujua unafanya kazi gani, unainama namna gani, maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Atakuinamisha mbele na nyuma, atakupima nguvu za miguu, atakugonga gotini kwa nyundo ndogo. Pengine atakukanda, lakini kukanda ni mlango tu. Dawa yenyewe ni mazoezi, na mazoezi hayo utayafanya wewe nyumbani. Hapo ndipo wakulima wengi hukasirika. Husema, "Nimepanda matatu kutoka mbali, nimelipa, naye ananiambia nikalale chini niinue kiuno!" Tena huongeza, "Mimi nalima kutwa, mazoezi gani tena?" Jibu ni kwamba kulima hutumia misuli ile ile kwa njia ile ile, kuinama mbele, kutwa nzima. Misuli ya tumbo na matako huweza kuwa dhaifu hata kwa mtu mwenye mikono kama chuma, na mgongo uliokunjwa mbele saa nane hautaki kukunjwa tena, wataka kunyoshwa kinyume.

Hili la kunyosha kinyume lilijulikana kwa bahati. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, tabibu wa viungo Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mmoja aingie chumbani akalale kifudifudi amngojee. Kitanda kilikuwa kimeachwa na mgonjwa aliyetangulia, upande wa kichwa umeinuliwa juu. Yule mtu akalala vivyo hivyo, mgongo umepindika nyuma. McKenzie alipoingia alishtuka, lakini mgonjwa alisema maumivu ya mguu wake yameondoka. Kutokana na hayo McKenzie alichunguza miaka mingi, na matabibu wa nchi nyingi wakajifunza kwake. Aligundua jambo moja ambalo mkulima yeyote aweza kulitumia: maumivu yakitoka mguuni yakapanda kurudi kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo. Yakishuka mguuni zaidi, zoezi hilo si lako. Acha.

Haya ni mazoezi ambayo mtu asiye na dalili za hatari aweza kuyaanza juu ya mkeka. Lala kifudifudi, jiinue juu ya viwiko, kiuno kikibaki chini, ukae hivyo kwa kuvuta pumzi mara kumi. Kisha lala chali, magoti yamekunjwa na nyayo chini, uinue matako polepole mpaka mwili uwe mstari toka mabegani hadi magotini, uhesabu tano, ushuke. Fanya mara kumi. Halafu ukiwa bado chali vuta goti moja kifuani kwa mikono, kisha la pili. Asubuhi na jioni, kila siku. Usitazamie ajabu wiki ya kwanza. Ukiwa shambani, kila unapofika mwisho wa mstari simama wima, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma mara tano kabla ya kugeuka.

Na magoti? Mama aliyechukua maji na kuni miaka thelathini huumwa magoti, na huambiwa yamekwisha mafuta, akae. Kukaa hulegeza misuli ya paja, na misuli ya paja ndiyo inayolishika goti. Aketi juu ya kiti, anyoshe mguu mmoja mpaka uwe sawa kabisa, ahesabu tano, ashushe, mara kumi kila mguu. Kisha ainuke kutoka kitini bila kushika kwa mikono, aketi tena, mara kumi. Aliye mnene akipunguza uzito kidogo magoti yatamshukuru upesi. Lakini kiungo kilichofura ghafula, kikawa chekundu na cha moto, si cha mazoezi. Huenda ni usaha au jongo. Na vidole vya mikono vinavyofura pande zote mbili na kukaza kila asubuhi zaidi ya saa nzima huenda ni baridi yabisi ile inayoharibu viungo upesi. Daktari aione mapema, kabla vidole havijapinda.

YULE TABIBU WA KUALISHA MGONGO

Sasa twende kwa jirani wa nne. Kazi anayoisifu huitwa kairopraktiki. Ilianzia Davenport, mji wa jimbo la Iowa katika Marekani, mwaka 1895. Daniel David Palmer, mtu aliyezaliwa Canada, alimshika mgongo mfagiaji mmoja kiziwi, Harvey Lillard, akausukuma, na akasema masikio yake yalifunguka. Palmer aliamini kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizosogea na kubana mishipa ya fahamu, akafungua shule ya kufundisha hayo. Mwaka 1906 alitiwa gerezani kwa kutibu bila ruhusa.

Imani ile ya Palmer haikuthibitishwa. Kugeuza mgongo hakuponyi sukari, pumu, presha wala uziwi, na mtu akikuahidi hayo, shika kofia yako uende. Lakini isifikiriwe kwamba kazi nzima ni uongo. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, kugeuzwa mgongo na mtu aliyefundishwa huweza kupunguza maumivu kiasi, karibu sawa na mazoezi na matibabu mengine yafaayo. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri yake juu ya maumivu ya kiuno yaliyokaa muda mrefu, maana mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo. Katika mambo liliyoyakubali ni mazoezi, kumfundisha mgonjwa, kukandwa, na kugeuzwa mgongo kwa mikono. Hata katika hospitali za kawaida matabibu wa viungo wengi wamejifunza kugeuza mgongo, na hulifanya kuwa sehemu moja ya kazi yao.

Ule mlio wenyewe si mfupa unaorudi nyumbani. Ni hewa ndani ya majimaji ya kiungo, kama unapoalisha vidole vyako. Mlio ukitoka si dalili ya kupona, na usipotoka si hasara. Nadhani mlio huu umewapa watu imani kubwa kuliko unavyostahili, kwa sababu ni jambo la kusikika, na mazoezi hayalii.

Shingo ni jambo jingine. Mishipa miwili ya damu hupanda ndani ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo. Shingo ikizungushwa ghafula kwa nguvu, mara chache mshipa hupasuka kwa ndani, damu huganda, na mtu hupatwa na kiharusi. Ni mara chache, lakini shingo inayouma huweza kutibiwa kwa njia nyingine zisizo na hatari hiyo, na mimi yangu siwezi kumpa mtu aizungushe. Vinyozi wengine wa mjini humaliza kazi kwa kumzungusha mteja shingo ikalia. Mwambie kinyozi akate nywele.

Katika Kenya matabibu waliosomea kairopraktiki ni wachache sana, na gharama yao si ndogo kwa mtu wa shambani. Ukiwa mbali nao hujapotewa na jambo la pekee. Na yule mzee wa ng'ambo ya mto? Akikukanda taratibu kwa mafuta na mikono yenye joto, hakuna ubaya, na kukandwa hutuliza. Lakini asikukanyage, asikuvute, asikuchanje, wala asimguse mtu mwenye dalili nilizozitaja.

VIDONGE NA MIKANDA

Vidonge vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, husaidia kwa siku chache na baada ya chakula. Mtu akivimeza miezi, huweza kupata vidonda vya tumbo na kuharibu mafigo, hasa akiwa na presha au akiwa mzee. Unga usio na jina unaouzwa sokoni kuwa "dawa ya mifupa" uogope zaidi, maana dawa za namna hii zimewahi kukutwa katika nchi mbalimbali zimechanganywa na steroidi, ambazo humfanya mtu ajisikie kijana huku zikilainisha mifupa yake. Mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta mgongo Shirika la Afya Duniani halikuyashauri kwa maumivu ya muda mrefu. Afadhali fedha za mkanda zinunue mpini mrefu.

MPINI NA GUNIA

Hilo la mpini si mzaha. Katika California vibarua wa mashamba ya saladi na viazisukari walilazimishwa miaka mingi kutumia kijembe cha mpini wa futi mbili au pungufu, wakainama kutwa nzima. Migongo yao iliharibika, wakapeleka kesi, na mwaka 1975 kijembe hicho kikapigwa marufuku. Mabwana wa mashamba walisema mazao yatapotea. Vibarua walipalilia kwa majembe marefu na saladi ikaendelea kuota. Nawe pima mpini wako: ukisimama na kuinama kidogo tu, jembe lifike chini bila kukulazimisha kukunja mgongo kama upinde. Na kibao cha kukamulia kiwe na urefu wa kutosha hata magoti yasipande kifuani.

Juu ya magunia, kanuni za serikali za mwaka 2019 husema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kila mkulima anajua jinsi wanunuzi wanavyopenda gunia lililovikwa kilemba juu likapita kilo 100, na bei ikabaki ya gunia moja. Hapo huumizwa mfuko na mgongo pamoja. Wakulima wa mahali pamoja wakikataa kwa sauti moja, lori halitarudi tupu.

Unapoinua, kitu kiwe karibu na tumbo, magoti yakunjwe kidogo, na ukitaka kugeuka geuza miguu usipinde kiuno. Lakini nisikudanganye: wachunguzi wameona kwamba kufundishwa namna ya kuinua peke yake hakuzuii maumivu sana. Kinachozuia zaidi ni mazoezi ya kila wiki. Akina mama wanaochukua kuni kwa kamba ya kichwani wapunguze mzigo wafanye safari mbili, na wanaume wenye baiskeli au punda wafikirie ni kwa nini punda yuko nyumbani wakati mama yuko njiani.

SIKU YA KWENDA

Kabla ya kwenda hospitali, mpe mtu wa nyumbani akuandikie mambo haya kwenye karatasi: maumivu yalianza siku gani na ulikuwa ukifanya nini, yanashuka mguu gani na mpaka wapi, kama kuna homa, jasho la usiku au kukonda, kama nyumbani kuna mtu aliyetibiwa kifua kikuu, kama ng'ombe wako ametupa mimba mwaka huu na kama mnakunywa maziwa mabichi, na dawa zote ulizomeza, hata zile za sokoni ambazo unaona haya kuzitaja. Chukua na kibao cha dawa ulichobaki nacho. Vaa suruali pana au kaptura, au mama avae nguo atakayoweza kuinama nayo, maana utainamishwa. Na tabibu akikuonyesha zoezi, usiseme "nimeelewa." Lala chini ulifanye mbele yake, mpaka aseme ni sawa.